Fundi Kaja Kutengeneza Boila, Kachambua Ligi

Risiti iko mezani, wino haujakauka. Masaa mawili na nusu, paundi 80 kwa saa. Boila yenyewe, ile mashine ya kupasha maji na nyumba joto, imeguswa robo saa, na maji bado ni ya baridi. Muda wote uliobaki ulikwenda kwenye ligi ya Uskoti, Ligi ya Mataifa ya Ulaya, na penalti moja waliyonyimwa Rangers mwezi Desemba 2024, ambayo nimeigharamia mimi, mtoto wa Tanga, niliyekuwa nimelala kwangu siku hiyo na sina hisa hata moja Ibrox, uwanja wao.

Nimevaa masweta mawili. Ni Juni. Wa Glasgow mwenzangu hana haja ya kuelezwa.

Jamaa kafika mlangoni, buti hajafuta, habari ya asubuhi hajatoa, swali limeshatoka: "Timu gani wewe, bwana mkubwa?" Huku kila mwanamume ni bwana mkubwa, hata yule anayekwenda kumlipa mwenzake hela ya kodi ya nyumba.

Swali hili lina jibu lake la usalama, tunafundishana tukifika tu: usitaje Rangers wala Celtic, mahasimu wakubwa wa mji, sema Partick Thistle. Uwanja wao wa Firhill uko hapa hapa Maryhill, hawana ugomvi na mtu. Walichukua Kombe la Ligi mwaka 1971 kwa kuifunga Celtic 4-1, na tangu hapo hawajamsumbua mtu kwa kombe lolote kubwa. Kinyago chao ni jua lenye sura ya hasira, kazi ya msanii David Shrigley, na wanangu wakiliona wanajificha nyuma ya mama yao. Nikajibu kwa heshima zote: "Thistle."

Akacheka mpaka mkoba wa vifaa ukatikisika. "Sawa, sawa. Lakini timu yako hasa?"

Nikakaza. Akazungukia mlango wa nyuma: "Ulisoma shule gani?" Hapa mjini ukiulizwa shule usidhani mtu ana shida na maksi zako za hesabu. Anataka kujua unasali wapi, ili ajue unashangilia Celtic ya Wakatoliki au Rangers ya Waprotestanti. Nikamwambia shule ya msingi nimesoma Chumbageni. Akabaki amesimama na spana mkononi, midomo inacheza, anaipima Chumbageni kama ni ya kijani, Celtic, au ya buluu, Rangers.

Kwetu angalau ni Simba na Yanga, unajibu unapita zako. Derby ya Machi 2025 iliahirishwa, watu wakabishania mechi ambayo haikuwepo, na walibishana bure.

Haya. Kafungua mfuniko wa boila, kachungulia kwa tochi, katikisa kichwa kile mafundi wanachotikisa dunia nzima kabla ya kutaja bei. Kuna kifaa kimekufa. Kifaa kitachelewa. "Vifaa siku hizi vinachelewa, bwana mkubwa. Hata Ibrox." Na hapo ndipo boila ilipoisha.

Maana msimu wa 2024/25 Rangers waliuanza wakiwa wapangaji. Jukwaa la Copland pale Ibrox lilikuwa kwenye ukarabati, vifaa vikachelewa kufika, wenye uwanja wao wakahamia Hampden, uwanja wa taifa, na mizigo. Wakawakaribisha Dynamo Kyiv huko, wakapigwa 2-0, Ligi ya Mabingwa kwaheri kabla Agosti haijafika mwisho. Mimi nilipomuuliza taratibu ni fundi gani huyo aliyeshindwa kumaliza jukwaa kwa wakati, akasema kazi za watu zina heshima yake, nisiulize.

Basi nikajua bwana huyu ni wa buluu, na kwamba Desemba inakuja.

"Ile fainali ya Kombe la Ligi uliiona?" Nikasema niliisikia. "Ngoja nikuonyeshe."

Maneno hayo yakitoka kwa mtu anayelipwa kwa saa, ndugu zangu, mzuieni. Mimi nilichelewa. Akakichukua kikombe changu cha chai, cha moto, akakiweka sakafuni: huyo ni Vaclav Cerny, winga wa Rangers. Kopo la sukari likawa Liam Scales, beki wa Celtic. Sufuria ya wali ikalazwa ubavu, goli hilo. Halafu akatoa futi ya mkononi na utepe mweusi wa umeme, akapima vigae vya jikoni, akabandika mstari wa boksi ulionyooka sawasawa. Boila yangu hajaipimia futi.

"Hampden, tarehe 15 Desemba. Tatu kwa tatu. Muda wa nyongeza. Umenielewa?" Nikamwambia nimemwelewa, na kule ukutani saa ilikuwa inanielewa zaidi.

Uzi wa kile kifuko cha majani ya chai ndio ukawa jezi ya Cerny. Akaubana kwenye mfuniko wa kopo la sukari, akaanza kuvisogeza vyote viwili kuelekea sufuria, mdomoni anatoa kelele za watu elfu hamsini. Cerny anakimbia, Scales kamshika jezi, uzi umekaza, wanakaribia utepe, wanauvuka utepe, jezi bado imeshikwa, kikombe kikalala, chai ikatapakaa ndani ya boksi.

"Refa kasema faulo, lakini nje ya boksi! Nje! Chai iko wapi?"

"Iko ndani," nikasema.

"Waamuzi wa video, VAR, wakaangalia, wakanyamaza! Wewe sasa ndiyo VAR. Piga magoti."

Mimi ni mtu mzima. Nina watoto, nalipa kodi ya halmashauri, msikitini nakaa safu ya mbele. Nikapiga magoti kwenye vigae. Akavirudisha vyombo nyuma, akarudia tukio zima kwa mwendo wa polepole. Wa polepole, jamani, kwa paundi 80 kwa saa! Kikombe kinasogea inchi, anapumzika, ananitazama usoni. Kinasogea inchi, anapumzika.

Nikajikaza nikatoa hukumu kwa sauti ya jaji wa Mahakama ya Rufaa: "Kwa macho yangu, fundi, sukari alianza kuvuta nje ya mstari."

"Kuanza! Nani kakuuliza kuanza? Kaachia wapi?"

Akarudia tena, safari hii pembe ya nyuma ya goli, nikahamishwa niangalie kutoka upande wa jokofu. Ikabidi nikubali, kweli uzi uliachiwa ndani. Akanieleza kwamba hata mkuu wa waamuzi wa Uskoti, Willie Collum, alikuja kukiri baadaye kwamba ilistahili kuwa penalti. Nikamwambia kama mwenyewe kakiri, basi yaishe. "Kakiri, ndiyo. Kombe karudisha?" Hilo sikuwa na jibu lake. Celtic walishinda kwa matuta, 5-4, na kombe likaenda kwao.

Mama watoto kaingia wakati huo. Kakuta mumewe yuko magotini, sufuria yake ya wali chini, vigae vimepigwa utepe, mwanamume wa Kizungu anashangilia peke yake. Hakusema neno. Akainama akamchukua Liam Scales, akafungua mfuniko, akatia vijiko viwili kwenye kikombe chake. Fundi akanyanyua mkono juu: "Kadi nyekundu!"

"Huyu kaja kutengeneza nini?" mama watoto akaniuliza.

"Boila."

"Boila iko sakafuni?"

Akaondoka na sukari. Mechi ikavunjika.

Nilipoona saa inazidi kula, nikaamua kumgusa pabaya. Nikataja Queen's Park. Timu ya daraja la pili, iliyoanzishwa 1867, waliocheza mpira wa ridhaa bila mshahara mpaka 2019, ndio hao walioingia Ibrox mwezi Februari 2025 wakashinda 1-0 Kombe la Uskoti, na penalti ya James Tavernier wa Rangers ya dakika za lala salama ikadakwa. Bwana wee! Mtu kanyamaza. Kageuka, kaingiza kichwa kwenye boila, kakaza, kalegeza, kafuta, kafanya kazi kwa uchungu. Hiyo ndiyo robo saa ninayoisema. Ningejua, Queen's Park ningeitaja mlangoni, sasa hivi naoga maji ya moto.

Haikudumu. Kocha wa Rangers, Philippe Clement, alitimuliwa wiki mbili baadaye, na hilo lilihitaji maelezo. Barry Ferguson akapewa timu kwa muda, maelezo. Celtic wakatawazwa mabingwa kule Tannadice kwa kuichapa Dundee United 5-0, hapo maelezo yalikuwa mafupi na siwezi kuyaandika. Msimu huo ulipoisha kila upande ulikuwa na mataji 55 ya ligi, na tangu Aberdeen ya Alex Ferguson mwaka 1985 hakuna mwingine aliyekuwa ameligusa. Miaka 40! Halafu watu wanaamka kila Jumamosi, wananunua tiketi, wanakula ile pai ya nyama inayochoma ulimi juu na barafu ndani, wanaiita ligi.

Kitu kimoja tu kilimfurahisha, fainali ya Kombe la Uskoti, Mei 24, 2025. Celtic na Aberdeen, moja kwa moja, na mabao yote mawili ni ya kujifunga. Beki wa Aberdeen kajifunga, dakika ya 83 kipa wa Celtic, Kasper Schmeichel, naye kajifunga, wakaenda kwenye matuta, kipa wa Aberdeen, Dimitar Mitov, akadaka la kwanza la Callum McGregor na la mwisho la Alistair Johnston. Aberdeen wakabeba kombe hilo kwa mara ya kwanza tangu 1990. Fundi alicheka mpaka tochi ikamdondoka. Sikumkata kauli, ingawa kicheko nacho kilikuwa kwenye risiti.

Lakini aliponigusia timu ya taifa, hapo aliniweza. Mimi na klabu zao mbalimbali. Ila Uskoti? Mtoto wangu kazaliwa hapa, ana jezi, analia. Nikasimama katikati ya jikoni, nikaanza mimi sasa.

Msimu ulifunguliwa tukiwa bado na kidonda cha Ujerumani, 5-1 mechi ya ufunguzi ya Euro 2024. Tukaja Ligi ya Mataifa. Poland Hampden, tunatoka nyuma 2-0 tunasawazisha, dakika ya 97 tunatoa penalti. Dakika ya 97! Watu wako kwenye treni! Ureno kule Lisbon, tumeongoza, Ronaldo dakika ya 88. Kroatia, tunasawazisha mwisho kabisa, goli linakataliwa. Sawa. Tukajikusanya, tukatoa sare na Ureno, tukaifunga Kroatia, na Andy Robertson akaruka kule Warsaw akapiga kichwa dakika za nyongeza, tukapata nafasi ya mtoano na Ugiriki ili tubaki kundi la wakubwa. Tukawafunga kwao Piraeus 1-0. Tukarudi nyumbani. Sare tu ilitosha. SARE!

Tukapigwa tatu bila, Hampden. Bao moja la mtoto wa miaka 17, Karetsas. Nilikuwepo, baridi ya Machi, nimezungukwa na wanaume wazima waliovaa kilti na kulia (watu wa Pwani wenye kikoi hatuwezi kuwasema). Mzee mmoja pembeni yangu akanipiga bega, akanifariji kwamba yeye alilia hivi hivi Kombe la Dunia la 1978. Ndiyo faraja gani hiyo?

Halafu Juni 2025, Iceland. Kipa Angus Gunn kaumia dakika za mwanzo, kaingia kijana wa akiba, mguso wake wa kwanza pasi kaipeleka kwa wageni, wavuni. Tatu kwa moja, nyumbani. Kisha tukaambiwa tufurahie kuifunga Liechtenstein nne bila. Liechtenstein! Nchi nzima ina watu kama 40,000, ukiwaleta wote Hampden na mabibi zao viti vinabaki. Na Septemba hiyo tulikuwa tunaanza kufuzu Kombe la Dunia la 2026 na Denmark, na hao hao Wagiriki walikuwa kundini wanatusubiri. Mpaka siku ile mara ya mwisho tulikuwa tumekwenda 1998. Nikaona hatuendi popote. Nilimwambia fundi hivyo hivyo, huku napiga meza, hatuendi popote, akatikisa kichwa, akaketi kitini kwangu, akasema endelea.

Nikaendelea. Hilo nalo limo kwenye risiti.

Anayecheza kweli ni mmoja, Scott McTominay. Manchester United wakamwona hawamhitaji, akaenda Napoli Agosti 2024, Mei 2025 kawa bingwa wa Italia na mchezaji bora wa ligi. Na unajua alisema nini kuhusu maisha ya huko? Nyanya. Kwao Uingereza alikuwa hazili, kwa sababu ni maji mekundu tu.

Kijana huyo nampigia saluti. Maana miaka yote nasema mimi, nikisema naambiwa mgeni nina maringo. Hizi nyanya za hapa ni za nini? Zimepangwa sita sita kwenye trei, zimefunikwa nailoni, zote ukubwa mmoja, nyekundu za kupendeza. Unakata, hamna harufu. Unakaanga, zinaogelea. Mchuzi wa nazi unatoka rangi ya mwili wa mtu wa hapa. Tanga unanunua fungu la nyanya zilizopondeka, jirani wa nyumba ya tatu anajua unapika nini. Jana mama watoto katia trei nzima, kaonja, kanitazama, katia na nyanya ya kopo juu yake. Nikaligeuza kopo nisome: la Italia. Na wamelipandisha bei.