Kindle na kitabu cha karatasi: tunagombania macho, tunasahau umiliki

Ukianzisha mjadala wa Kindle, kile kifaa cha kampuni ya Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na kitabu cha karatasi, wa kwanza kuchangia atasema vioo vinaumiza macho. Hoja hiyo inaihusu simu zaidi kuliko Kindle. Kioo cha Kindle hutumia wino wa kielektroniki: kinaakisi mwanga uliopo kama karatasi inavyofanya, ndiyo maana kinasomeka hata juani, na wino wenyewe hula chaji ukurasa unapogeuzwa tu. Wengi wanaolalamika wanasoma PDF waliyorushiwa WhatsApp, ukurasa mzima umebanwa kwenye kioo cha simu, herufi kama punje za mtama.

Hoja nzito ya karatasi iko kwenye kumbukumbu. Mwaka 2019 Anne Mangen wa Norway na wenzake walichapisha utafiti wa wasomaji 50 waliosoma hadithi moja ndefu, wengine kwenye Kindle, wengine kwenye kitabu. Kwa mengi walikwenda sare. Walipoulizwa tukio lipi lilitangulia na lipi likafuata, wa karatasi wakawa mbele. Hilo halinishangazi. Ukishika kitabu, vidole vinajua umebakiza kiasi gani. Kindle inakupa asilimia tu. Mwaka mmoja kabla, uchambuzi uliokusanya tafiti 54 ulionyesha kwamba karatasi inaishinda skrini kwa maandishi ya kuelimisha, lakini kwa hadithi tofauti haikuonekana. Kwa hiyo anayejiandaa kwa mtihani asome karatasi. Wa riwaya na achague apendavyo.

Kindle nayo ina haki yake. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu anakuza herufi na kuendelea kusoma bila kumsubiri mjukuu. Aliyeko Muscat au Minnesota anapata kitabu dakika hiyohiyo, ilimradi kiwe kimewekwa kwenye duka la Kindle. Na kwa Kiswahili, rafu hiyo bado ni nyembamba mno.

Mimi kinachonikwaza ni umiliki. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, vitabu vikatoweka. Unalipia ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo huwezi kumrithisha mwanao kama rafu ya vitabu.

Kwetu kitabu huzunguka. Riwaya ya shuleni inaanza kwa kaka, inashuka kwa mdogo wake, inahamia kwa binamu, kisha inatua kwa wauza vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara za Nairobi, wale wa "inama". Ukiifungua unakuta majina matatu yamekatwa kwenye ukurasa wa kwanza na majibu ya penseli pembezoni, mengine ya kupotosha kabisa. Kweli, mwandishi hapati hata senti kwenye mzunguko huo, na Kindle, kwa kuzuia kuazimana ovyo, inamlinda zaidi. Hapo karatasi haina jibu zuri.

Hata hivyo, riwaya ya Kiingereza ya kusoma mara moja safarini nainunua ya Kindle. Ya Kiswahili nanunua ya karatasi hata bei ikiuma, kwa kuwa lazima kuna mtu atakuja kuiazima, na huyo si ajabu asiirudishe.