Reli yetu iliuawa na bolti zisizogongwa

Jumamosi iliyopita nikivuka reli kwenda sokoni, nilimkuta mama mmoja ameanika mihogo juu ya magunia, katikati kabisa ya njia. Nikamuuliza, "Mama, na treni ikija?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Itapiga honi, mwanangu. Nitaiondoa mihogo."

Lubumbashi hii, kusini mwa Kongo, ilizaliwa na reli. Njia kutoka kusini ilifika 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na 1911 tanuri likamwaga mukuba (shaba) wa kwanza. Ni reli nyembamba, milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Ilifika Bukama 1918, Ilebo 1928, ikaungana na ya Benguela, reli ya Angola inayokwenda baharini, 1931. Mwaka 1956 Kamina iliunganishwa na Kabalo, ukaweza kupanda hapa ukashuka Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Familia nyingi za hapa zenye asili ya Kasai zililetwa na treni hiyo, na samaki mkavu wa Bukama tuliyekula na bukari (ugali) alisafiri nayo pia.

Babu yangu alikuwa mtu wa njia. Alitembea na nyundo ya mpini mrefu, anagonga bolti, anasikiliza. Ikilia kwa sauti kali, imekaza. Ikilia kwa sauti nzito, imelegea, anainama. Kilomita zake zilezile, kila siku, jua na mvua.

Wengi husema vita na mukuba ndivyo vilivyoimaliza reli. Kweli, vita vya Angola vilifunga njia ya Benguela 1975, na mgodi wa mukuba wa Kamoto ulipoporomoka 1990 mizigo ikapungua vibaya. Lakini mimi nashikilia kwamba reli ilikufa siku wenye nyundo walipoacha kulipwa, wakarudi kulima. Bolti ikilegea, taruma, lile linaloshikilia reli kwa chini, linacheza. Taruma likicheza, dereva anapunguza mwendo. Mwendo ukipungua, mfanyabiashara anakwenda kutafuta lori. Tazameni foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Na watu bado wanaitaka treni. Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, upande wa Lualaba, wakafa watu zaidi ya 60 waliokuwa wamedandia kwa siri. Nilisikia wakilaumiwa, nikaumia sana. Walitaka kufika nyumbani na hakukuwa na behewa lao.

Sasa njia ya Lobito, ile ya Benguela mpaka bandari ya Lobito huko Angola, iko midomoni mwa kila mtu, nami naifurahia. Ila ninachosikia ni tani za mukuba na kobalti tu. Behewa la abiria na behewa la unga na samaki viandikwe katika mkataba tangu mwanzo, visingoje huruma ya mtu baadaye. Na kazi isiishie Kolwezi, mji wa migodi. Ije mpaka huku, iende mpaka Bukama. Kabla ya kununua vichwa vipya vya treni, waajiriwe vijana wa kutembea njia, wapewe nyundo, na mshahara wao utoke kila mwisho wa mwezi.