Alexander Wilson na bunduki yake

Mwanzoni mwa mwaka 1809, nje kidogo ya mji wa Wilmington, North Carolina, Alexander Wilson, mchunguzi na mchoraji wa ndege, alimpiga risasi kigong'ota mkubwa mwenye mdomo mweupe kama pembe ya ndovu. Risasi ilimjeruhi bawa tu. Njia nzima ya kurudi mjini ndege huyo alilia kama mtoto mchanga. Wilson akamfungia chumbani hotelini, na hata saa moja haikuisha, ndege alikuwa ametoboa lipu ya ukuta karibu na dari. Alipofungwa mguu kwenye meza, aliinyofoa meza. Wilson alipokuwa akimchora, ndege alimjeruhi. Akasusa chakula, akafa baada ya siku tatu hivi.

Wilson aliandika kwamba kifo kile kilimsikitisha, nami namwamini. Lakini aliyempiga risasi ni yeye.

Wapenzi wa ndege wa leo, wenye darubini na kamera, humlaumu. Tukumbuke zama zake: kamera haikuwapo, na bila kumshika ndege mkononi usingeweza kupima bawa lake wala kujua tumboni mna nini. Mfumaji huyu kutoka Paisley, Scotland, alifika Marekani mwaka 1794, akawa mwalimu wa shule, kisha akaandika sehemu kubwa ya juzuu tisa zenye aina 268 za ndege, 26 kati yake zikiwa hazijawahi kuelezwa na wataalamu. Ujuzi huo aliutumia pia kuwatetea ndege weusi wa mashambani mbele ya wakulima: wanakula nafaka, ndiyo, lakini wadudu waharibifu wanaoliwa nao ni wengi zaidi.

Tena, bunduki yake moja ilikuwa kitu gani? Kule Kentucky alikadiria kundi moja tu la njiwa wahamaji kuwa na ndege 2,230,272,000. Njiwa hao walimalizwa na wawindaji wa biashara, waliosafirisha mizoga kwa treni. Wa mwisho alifia Cincinnati mwaka 1914.

Hoja hiyo ina nguvu, ila kwa kigong'ota siwezi kuikubali. Misitu yake ilipokatwa akawa adimu, na uadimu huo ndio uliowavuta wakusanyaji wa mizoga ya ndege wamfuate na bunduki, wawahi wale wachache waliobaki. Walirithi desturi ya Wilson bila kujiuliza wamebaki wangapi. Mara ya mwisho kigong'ota huyo kuonekana pasipo ubishi ilikuwa Louisiana, mwaka 1944, akiwa jike, peke yake.