Ohio wanatibu mti wa kivuli, Malindi tunabahatisha na mwembe

Kazi yangu hapa Columbus, Ohio, ni kutibu miti. Naikagua, natafuta inaumwa nini, kisha naipa dawa. Watu wa nyumbani Malindi huniuliza ni nani huyo mwenye pesa za kutibu mti usiozaa hata tunda la kuliwa. Wana haki ya kuuliza.

Ninaoutibu zaidi ni mti uitwao ash. Mwaka 2002, karibu na Detroit, aligunduliwa mdudu wa kijani anayeng'aa, Agrilus planipennis, asili yake Asia. Mabuu yake hula chini ya gome, yanachimba vijia vya kupindapinda mpaka maji na chakula havipiti tena, na mti unakauka kuanzia juu. Miti iliyokufa tangu hapo ni makumi ya mamilioni. Iliyobaki mitaani na kwenye nyua za watu ndiyo tunayoipigania. Unafukua udongo pale shina linapotanuka kuingia mizizini, unatoboa vitundu kulizunguka, unagongea kizibo kila kitundu, halafu unasukuma ndani taratibu dawa ya wadudu iitwayo emamektini. Asubuhi, udongo ukiwa na unyevu, mti wenyewe unaivuta dawa hadi matawini. Ardhi ikiwa kavu utakaa pale mpaka uchoke, na dawa chupani haishuki. Ikishaingia, mti una kinga ya miaka miwili hivi.

Dawa hiyo ni nzuri, lakini ninachokitamani kwetu ni utaratibu wake. Huku maandishi ya kwenye chupa ni sheria. Ukitumia dawa kinyume nayo umevunja sheria ya Marekani. Leseni hupewi bila kufaulu mtihani. Upepo ukizidi, bomba linabaki garini. Ukimaliza unaandika dawa gani, kiasi gani, hali ya hewa ilikuwaje, na unachomeka kibao uani ili mama wa nyumba ajue watoto wasikanyage nyasi kabla dawa haijakauka.

Sasa twende Ganda, huko Malindi, shambani kwa ami yangu. Miembe ikitoa maua, anakuja kijana na bomba mgongoni, kandambili miguuni, mikono mitupu. Dawa imepimwa kwa kifuniko cha chupa, pengine mbili zimechanganywa, na hakuna aliyeuliza mwembe unaumwa nini. Ule unga mweupe kwenye maua ni ukungu, na salfa inauweza. Nzi wa matunda ni ugonjwa mwingine kabisa, salfa haimgusi. Tunapiga dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, tunaua nyuki na nzi wanaochavusha, kisha tunalalamika kwamba mwembe haukushika matunda. Kijana simlaumu hata kidogo. Anavuta dawa kifuani mwake kwa ujira mdogo, na hakuna aliyemfundisha. Lawama ni yetu tunaomwita.

Kinachoniuma zaidi ni majimoto. Kila aliyepanda mwembe Pwani anawajua: chungu wakali wanaoshona majani kwa nyuzi za mabuu wao na kumfanya mchumaji ashuke mbio. Kwa sababu wanauma, tunawapulizia sumu. Kumbe wao ndio wanaomwinda Pseudotheraptus wayi, mdudu anayefyonza vidaka vya nazi mpaka vikapukutika, na anayeharibu korosho pia. Hata nzi wa matunda husita kutaga kwenye embe walikopita chungu hao. Matajiri wa Ohio wananilipa nirudi kila baada ya muda kuupa mti kinga. Sisi kinga tunayo mtini, inazaliana yenyewe, na tunaimaliza kwa pesa zetu.

Nzi mwenyewe, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Embe lenye mabuu likianguka na kuachwa, mabuu yanaingia mchangani na kutoka nzi wapya. Kuokota maembe hayo kila siku na kuyazika kwa kina, au kuyafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani, ni kinga kubwa. Haiuzwi agroveti, ndiyo maana wauza dawa hawaitangazi.

Huku nako si peponi. Nimeona nyua zikipuliziwa kwa sababu tu mteja alishalipia msimu mzima, mti ukiwa mzima. Lakini hata hapo rekodi ipo, na mtu anaweza kuulizwa.

Kenya sheria tunayo, na bodi inayosimamia dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, PCPB, ipo. Mtwapa kuna kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Kaunti ya Kilifi inaweza kuchukua vijana wa Malindi na Magarini, ikawafundisha kutambua ugonjwa kabla ya kushika bomba, ikawapa leseni na vifaa. Mwembe unaolipa karo ya mtoto unastahili zaidi ya mti wa kivuli.

Nanyi wenzangu wa ughaibuni mnaotumiwa ujumbe wa "tuma ya dawa", kabla ya kutuma ulizeni: mdudu gani ameonekana, dawa inaitwaje, siku ngapi zipite kabla ya kuchuma. Mkitumiwa picha ya majani yaliyoshonwa, semeni chungu hao waachwe. Na pesa ya dawa hiyo mnunulieni kijana glavu, barakoa na buti.