Mtandao Ulivyotupandishia Mahari

Kaka yangu anadaiwa mahari ya ng'ombe 14. Kumi na wawili aliwakubali mwenyewe, kwa akili timamu. Wawili wa mwisho walikubaliwa na intaneti.

Kaka yuko Winnipeg, Kanada, mji ambao mwezi wa kwanza baridi inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, ukimpigia video unamkuta kavaa kofia ndani ya nyumba. Mchumba wake ni wa huku kwetu Mwanza, Kisesa, njia ya Musoma, si mbali na makumbusho ya Bujora. Barua ilipelekwa bila yeye, ikajibiwa bila yeye, kishika uchumba kikapokewa bila yeye, na hakuna aliyenung'unika. Ilipofika siku ya mahari, wakwe wakaweka sharti: muoaji aonekane. Baba mkwe alisema wazi kwamba yeye hapatani bei na picha.

Kazi ya kumfikisha kaka Kisesa bila kumpandisha ndege nikapewa mimi. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa mitandao, cheo nilichokipata siku nilipoirudisha WhatsApp ya shangazi, ambayo muda wote ilikuwa imejificha kwenye ukurasa wa pili wa simu yake. Kazi inayonilisha ni sangara, pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba.

Kanada nako kulikuwa na sinema yake. Kaka kapanga chumba cha chini ya ardhi kwenye nyumba ya mtu, na ndiyo kwanza alikuwa anatafuta intaneti yake mwenyewe. Usiku ananitumia meseji za sauti ndefu, zote malalamiko. Kampuni kubwa kule ni chache, na bei unayoiona kwenye tangazo ni ya kukukaribisha tu. Mwaka ukiisha inaruka. Modemu unaikodi, unailipia kila mwezi, na siku ukihama unairudisha. Wakati ule, ukivunja mkataba kabla ya muda, faini. Mwisho akapata kampuni ndogo, moja ya zile zinazokodi nyaya za wakubwa na kuuza kwa bei ya chini, haina mkataba, akalipia. Ikabaki kumsubiri fundi. Fundi alipangiwa kuja wiki moja baada ya mahari, na muda aliopewa kaka ni "kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni", yaani shinda nyumbani, atakapojisikia atagonga. Mpaka hapo akawa anadandia waifai ya mwenye nyumba, ambayo chumbani kwake haifiki. Inaishia kwenye ngazi, pembeni ya mashine ya kukaushia nguo.

Huku kwetu mtaalamu wangu alikuwa kijana wa laini, anayekaa chini ya mwavuli pale Buzuruga. Mjini ningevuta faiba, lakini faiba huwezi kuikunja ukaenda nayo ukweni. Nilitaka kirauta cha kuweka laini, kile cha kuingia mfukoni. Kijana akanitazama, akanipa ushauri ambao mpaka leo nauheshimu.

"Braza, kama ni kuongea tu, jiunge dakika za kimataifa. Kutoka huku kwenda Kanada au Marekani ni nafuu. Kutoka kule kuja huku ndiyo wanakamuliwa."

Na ni kweli. Simu ikitoka nje kuingia Tanzania, mtandao unaoipokea huku unaitoza ile ya kule, na mzigo wote anabebeshwa mpigaji. Ndiyo maana mtu yuko ughaibuni na mshahara wa dola lakini anakubipu wewe wa Igoma. Nikampigia baba mdogo, msemaji wetu, nikamweleza habari ya dakika.

"Hizo dakika zina sura?" akauliza.

"Hapana, baba. Sauti tu."

"Nunua chenye sura."

Ikaja shughuli ya kusajili laini. Kijana akatoa kile kimashine cha alama za vidole. Tangu usajili uwe wa namba ya NIDA na kidole, sisi watu wa Mwaloni tuna taabu zetu: magamba na miba ya samaki vimetusugua vidole mpaka mistari imefutika. Kidole gumba kikakataliwa. Cha shahada kikakataliwa. Akaniambia nipitishe kidole kwenye paji la uso kipate mafuta, nikapitisha, kikakataliwa. Akasema basi nipitishe kwenye nywele. Nina kipara. Tukatazamana. Kijana akaangalia kushoto na kulia, akainama, akachukua kidole changu akakisugua kwenye nywele zake yeye. Kikasoma. Nyuma yangu foleni ikapiga makofi.

Kifurushi alichoniuzia kinaitwa anlimited. Kwa maandishi madogo, anlimited maana yake ukishafika GB walizozipanga wao, kasi inashushwa mpaka utamani wangekukatia kabisa.

Jumamosi tukafika Kisesa. Nyumba ya wakwe iko nyuma ya jiwe. Nikisema jiwe sisemi la kuinjikia sufuria. Haya ni yale mawe yetu, marefu kuliko nyumba, ambayo wageni wanayapiga picha pale ziwani na kuyasifia. Hawajawahi kutafuta 4G nyuma yake. Mnara ulikuwa upande wa pili, na mawimbi ya simu hayapenyi mwamba wa unene ule. Uani simu yangu ikawa inaonyesha E, alama ya ile intaneti ya kizamani ya kujikokota, herufi niliyokuwa nimeshaisahau. Nikapanda jiwe kwa magoti, viatu mkononi, na suruali ya ukweni. Kule juu mtandao umejaa tele. Nikakiacha kirauta hukohuko, waifai ikateremka vizuri mpaka chini ya mwembe tulipowekewa viti, na nikamwachia mtoto mmoja wa pale kazi ya kukilinda na mbuzi.

Chini ya kirauta huwa kuna kikaratasi cha kunata, kiwandani wameandika jina la waifai na neno la siri. Mtoto yule alikuwa darasa la sita, anasoma vizuri.

Saa tisa alasiri, kwa kaka saa kumi na mbili asubuhi, akatokea kwenye simu niliyoiegemeza kwenye jagi la maji. Juu koti na tai. Chini hatukuona na hatukuuliza. Nyuma yake mngurumo mkubwa. Bibi mzaa mama wa bi harusi akasogea, akasikiliza, akauliza kama mkwe anafanya kazi mashine ya kukoboa.

"Ni mitambo, mama," baba mdogo akasema kwa fahari. "Kanada kuna mitambo."

Wazee wakamsalimu, "Mwadila!" Kaka akakaa kimya anatutazama. Baba mkwe akanywa funda la togwa, akafuta ndevu, ndipo kaka akaitikia. Maneno kutoka Kisesa yanapita Dar es Salaam, yanaingia kwenye nyaya za chini ya bahari, yanazunguka huko Ulaya na kuvuka Atlantiki, na siku njema safari yote hiyo haifiki hata sekunde moja. Ila siku ile huku kuna jiwe na kule kuna ngazi, kila jibu likawa linakuja baada ya funda la togwa.

Wakwe wakaanza na 20. Baba mdogo akasema 8, kwa sauti ya msiba. Wakashuka, tukapanda. Mfukoni mwake alikuwa na kikomo cha kaka, 12, na tulipofika hapo akafunga mdomo. Wao wakasimama kwenye 14. Ilikuwa inakaribia saa kumi kasorobo, na picha ikaanza kukatakata. Mara uso, mara miraba.

"Mnanisikia?" kaka akauliza.

Baba mdogo akajibu kwa sauti ambayo ingefika Kanada bila msaada: "Tunakusikia! Na wewe unatusikia?"

Kimya. Baba mkwe, ambaye kauza pamba na ng'ombe maisha yake yote, akaisogelea simu taratibu.

"Mwanangu, tusichoshane. Kumi na nne, unaweza?"

"Ndiyo!" simu ikasema. "Ndiyo kabisa! Vizuri sana!"

Vigelegele vikalipuka mpaka kuku wakakimbia. Baba mdogo akaruka kutoka kwenye kiti. "Hapana! Hilo ni jibu la swali langu!"

"Swali lako umeuliza wewe, jibu nimepewa mimi," baba mkwe akasema.

"Yeye kasema ananisikia!"

"Na mimi nimemsikia."

Picha ikagandia hapohapo, kaka katabasamu meno yote nje, sura ya mtu aliyeridhika na bei. Nikawa naitikisa simu, eti itachangamka. Picha ikakataa, ila sauti yake ikaja peke yake, safi, kama yuko nyuma ya mwembe:

"Ongeza mbili, usiogope."

Katibu wa wakwe, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, akafuta 14 akaandika 16. Shangazi yangu akashika kichwa.

Baadaye tukajua kwamba kaka anaishi na jamaa wa Bukavu, na jamaa alikuwa anamkorogea chai. Mbili ni vijiko vya sukari. Lakini hiyo ni baadaye. Wakati ule simu iliandika tu kwamba inaunganisha tena, ikaendelea kuunganisha, na meseji ikaingia kunijulisha kwamba nimemaliza kifurushi cha kasi.

Nimemaliza vipi? Mazungumzo ya video ya saa moja hayawezi kula GB zote zile. Nikainua macho kwenye jiwe. Juu kule mbuzi hayupo, mtoto yupo, na vijana wa mtaa mzima wamejipanga kivulini, kila mmoja kainamia simu yake, kimya cha kanisani. Saa tisa na nusu ilikuwa imeanza mechi ya mapema ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mlinzi wangu alikuwa anauza neno la siri kwa shilingi mia mia, na waliokosa chenji aliwakopesha. Nilipofika juu nikipumua, kijana mmoja akanigeukia kwa huruma kabisa: "Bro, mtandao wenu umeanza kusumbua."

Kaka naye hakukaa kimya. Ana programu moja ya simu za nje, unaweka salio la dola, simu inaingia kwenye namba ya kawaida hata kama unayempigia hana intaneti. Ni nafuu kuliko kupiga moja kwa moja, ila namba inayotokea huku haieleweki, leo ya nchi hii, kesho ya nchi ile. Akampigia baba mdogo kwenye kitochi chake.

Baba mdogo akaitazama namba kwa mashaka. Akaipokea kwa sauti ya juu, maana hajui kupokea kwa namna nyingine.

"Baba mdogo, ni mimi! Nipo Kanada! Sikiliza, kuhusu ile hela..."

"Ile hela nitume kwenye namba hii, siyo?" baba mdogo akafoka mbele ya wakwe zetu wote. "Tapeli mkubwa! Tafuta kazi! Kijana mzima huoni aibu?"

Akakata. Ikaita tena. "Baba mdogo, ni mwanao..." "Mwanangu yuko Kanada, anaoa!" Akakata. Programu yenyewe inahesabu dakika nzima hata ukiongea sekunde tano, kwa hiyo kila tusi lilikuwa linalipiwa dakika. Ilipoita tena baba mdogo hakupokea hata. Akaizima simu na kuchomoa betri, akawaeleza wakwe kwamba hawa matapeli siku hizi wanajua mpaka mambo ya familia. Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Ndipo bi harusi akatokea jikoni, kanga kiunoni, simu mkononi, macho chini kwa heshima.

"Shikamoo baba. Anasema ni kumi na mbili. Na zile mbili za mwisho ilikuwa sukari."

Wanaume tukageuka. Kumbe muda wote tuliokuwa tunapanda mawe, yeye alikuwa jikoni anachati naye kwa maandishi, kwa kabando ka shilingi mia tano. Meseji ya maandishi ni nyepesi, inapenya hata kwenye E.

Baba mkwe akamtazama muda mrefu. "Binti yangu, hivi hao ng'ombe wanakuja kwa nani?"

Ukazuka ubishi. Mwalimu mstaafu akasema kilichoandikwa kimeandikwa. Mjomba wetu akasema mashine haina mamlaka ya kutoa mahari. Bibi ndiye aliyemaliza kesi. Akagonga fimbo chini. "Sukari si ng'ombe, itoke. Lakini kwenye kumi na nne mwanaume kasema ndiyo kabisa, na mimi nikapiga kigelegele. Kigelegele changu hakirudi tumboni."

Kalamu ikafuta 16, ikarudisha 14. Tukala wali na sato, tukashukuru.

Kwenye gari baba mdogo akawa anapiga hesabu kwa sauti. Ng'ombe wa maana mnadani siku hizi anagusa milioni. Akagawanya kwa GB nilizonunua, akanisomea bei ya GB moja kuanzia Kisesa mpaka Nyakato, na kila abiria aliyepanda akasomewa upya.

Fundi wa Winnipeg alikuja siku yake, na sasa kaka ana megabiti 100, picha inaonekana mpaka vinyweleo. Anapiga kila Jumapili, kwa furaha, na kila mara anaanza vilevile: "Baba mdogo, unanisikia?"

Baba mdogo anaitazama simu. Anageuka kuangalia nani amekaa karibu.

"Inategemea," anasema. "Unauliza nini?"