Janjira: Kuta au Walinzi?

Hutajwa kwa fahari kwamba Janjira, ngome ya Wahabeshi (watu wa asili ya Kiafrika) iliyo baharini mbele ya mji wa Murud, kusini mwa Bombay (leo Mumbai), India, haikuwahi kutekwa. Kwa ngome yenyewe, ni kweli. Kwa dola iliyotawaliwa kutoka humo, sina uhakika fahari hiyo inatosha.

Wanaosifu kuta wana hoja nzito. Zimeota juu ya mwamba, mawimbi yakipiga miguuni, hata mshambuliaji hapati pa kushusha askari wala pa kuegemeza ngazi. Ndani mna mabwawa mawili ya maji baridi, basi kiu haikuwa silaha ya adui. Ilibaki njaa, nayo ilihitaji merikebu za kuziba njia. Kusi likianza mwezi Juni, merikebu hizo hukimbilia bandarini. Mwaka 1682 Sambhaji, mfalme wa Wamaratha, aliamua kuifukia bahari kwa mawe apite kwa miguu. Kazi haikwisha: Wamoghuli, watawala wa sehemu kubwa ya India, walimvamia bara, akalazimika kugeuka.

Hapo ndipo hoja ya kuta inapoanza kulegea: aliyeiokoa ngome alikuwa mlinzi wa nje. Masidi, kama watawala wa Janjira walivyoitwa, walikuwa wameuacha usultani wa Bijapur na kuwa wanamaji wa Wamoghuli, wakilipwa kutoka mapato ya bandari ya Surat. Kwa nguvu hiyo Sidi Yaqut Khan aliwazingira Waingereza Bombay mwaka 1689, akaondoka mwaka uliofuata baada ya Waingereza kumwangukia Aurangzeb, mfalme wa Wamoghuli, na kulipa rupia 150,000. (Mabwana wa kesho waliwahi kupiga magoti.) Wamoghuli walipodhoofika, vita vya miaka ya 1730 dhidi ya Bajirao, Peshwa (waziri mkuu) wa Wamaratha, viliwanyang'anya Masidi sehemu kubwa ya ardhi yao ya bara. Ngome ilisimama, mashamba yaliyoilisha yakaenda.

Chini ya Waingereza, Nawabu, mtawala wa Janjira, alibaki na heshima ya kupigiwa mizinga 11, lakini mwishoni mwa miaka ya 1860 alipokonywa mamlaka ya kesi za jinai. Raia wake, yapata 85,000 mwaka 1901, wengi walikuwa Wahindu wasemao Kimarathi. Fahari ya Kiafrika haikuwa yao.

Linganisha na Sachin, dola ndogo ya ndugu zao. Mwaka 1791 Balu Mia, mdai wa kiti cha Janjira, alimwachia Peshwa madai yake akapewa vijiji karibu na Surat, ndivyo vikawa Sachin. Peshwa hakuipata ngome hata siku moja. Sachin, isiyo na mwamba wala ukuta wa baharini, iliishi chini ya Waingereza hadi 1948, mwaka uleule Janjira ilipounganishwa na mkoa wa Bombay.