Shangazi alipoomba sindano

Ilikuwa usiku wa tatu hajalala. Tulikuwa nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mimi na yeye tu chumbani, akanivuta mkono na kuninong'oneza: "Mwanangu, si unajuana na yule nesi? Mwambie anichome sindano nilale, nisiamke tena."

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kusema hivyo. Sala tano hazikumpita hata akiwa chomboni. Lakini saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno, na hospitali moja ilikuwa imeturudisha nyumbani na panadoli na diklofenaki, na neno moja: "Mkamuuguze tu."

Usiku ule umenirudia kwa sababu barazani tunabishana tena habari za kifo cha huruma. Juni 2025 wabunge wa Uingereza waliukubali, kwa kura 314 dhidi ya 291, muswada wa kuwaruhusu wagonjwa wa England na Wales wanaokaribia kufa wasaidiwe kufa. Vijana wanauliza: Waholanzi wana sheria yao tangu 2002, Kanada tangu 2016, sisi tunangoja nini? Wazee wanawajibu kwa aya, "Wala msijiue," na mazungumzo yanafungwa. Mimi niko upande wa wazee. Ila jibu lao halikumfaa kitu shangazi usiku ule, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sheria yetu ya Tanzania haina mwanya. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa amesababisha kifo hata yule aliyemharakisha mgonjwa ambaye angekufa kwa ugonjwa wake. Anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Na aliyejaribu kujiua akanusurika, naye ana kosa la kujibu. Hili la mwisho ningelifuta leo hii: mtu aliyefika huko anahitaji daktari na ndugu zake, askari wa nini? Yale mengine nataka yabaki, na sababu yangu ni shangazi mwenyewe.

Alijua kuwa nusu ya shamba la michungwa kule Muheza imeshauzwa. Alijua binti yake amefunga genge ili amgeuze na kumwosha. Kila nilipoingia na mfuko wa dawa, kabla ya kuuliza ni dawa gani aliuliza bei. Siku moja alisema, "Mnatia maji kwenye pakacha." Nchi zilizoruhusu jambo hili zinataka mgonjwa aombe kwa hiari yake, bila kushinikizwa. Shangazi hakushinikizwa na mtu yeyote. Mngemletea fomu asubuhi ile angetia dole gumba bila kusita, na angefanya hivyo kwa kutupenda, ili tusiuze nusu iliyobaki. Nani angeweza kuitazama ile fomu akatenganisha hiari na umaskini? Kwenye nyumba zetu nyingi mambo hayo mawili yamelala kitanda kimoja.

Najua wanaopinga msimamo wangu si watu wepesi. Afrika Kusini mwaka 2015, mwanasheria Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, alikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kuomba daktari amsaidie kufa. Alikubaliwa, kumbe alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri kutolewa, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Mwaka huohuo Askofu Desmond Tutu, akiwa na miaka 85, alisema hadharani kwamba angetaka naye awe na hiari hiyo. Siwezi kumwambia Tutu kuwa hakuijua dini. Tena kuna hoja inayonisumbua zaidi: Oregon, kule Marekani, sheria yao inafanya kazi tangu 1997, na wagonjwa wanaoitumia hawatangulizi maumivu. Wanataja kwanza kushindwa kujiamulia mambo yao na kupoteza heshima yao.

Lakini wengi wao wanaomba hivyo wakiwa tayari chini ya uangalizi wa tiba shufaa, ile huduma ya kutuliza maumivu na kumwangalia mgonjwa nyumbani mpaka mwisho. Maumivu yao yana mtu wa kuyashughulikia. Sisi hatujafika hapo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 ilihesabu kuwa katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini, zile kali za kutuliza maumivu, zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Shangazi alikuwa upande wa hiyo 0.1.

Aliyetuokoa ni jirani aliyewahi kuuguza Muheza. Pale Hospitali Teule huduma ya tiba shufaa ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yeye ndiye aliyetuelekeza kwa nesi anayeijua kazi hiyo. Nesi akaja na chupa ya morfini ya maji, akatuonyesha kuipima kwa bomba la sindano lisilo na ncha: kila baada ya saa nne, ya usiku mara mbili ili alale, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu morfini inafunga tumbo. Baba mdogo akaruka: "Morfini? Si ndiyo unga wenyewe huo?" Sikumlaumu. Tanga tumezika vijana wengi kwa heroini, neno lenyewe linatisha. Nesi akamweleza taratibu kwamba dawa ikitolewa kwa kipimo kinachofuata maumivu haimfanyi mgonjwa teja, wala haimuui.

Shangazi alilala mpaka alfajiri. Alipoamka aliomba uji.

Aliishi wiki tano zaidi. Katika wiki hizo alilipa deni la kikoba, akapatana na mdogo wake waliyenuniana miaka sita, akatuonyesha sanda yake ilipo kwenye kasha. Habari ya sindano hakuirudia hata siku moja. Tulipoambiwa tumpeleke Dar es Salaam kwa mionzi mingine, alikataa, nasi tukamkubalia, kwa sababu kuacha tiba isiyofaa tena hakumuui mtu. Ugonjwa ndio unaomuua. Alikata roho mchana, binti yake akimsomea Yasini.

Kwa hiyo mbunge wangu akiniuliza nataka nini, nitamtajia Uganda, ambako tangu 2004 nesi aliyesomea tiba shufaa anaruhusiwa kuandika morfini mwenyewe bila kumngoja daktari. Nataka ruhusa hiyo ifike mpaka kwenye zahanati za Kilindi, Handeni na Pangani, na chupa ziwepo.

Jana nilipita Mabawa kumjulia hali mama mmoja mwenye ugonjwa uleule. Chupa yake imebaki vidole viwili. Binti yake amepanda basi alfajiri kwenda kufuata nyingine, na aliponiaga aliniomba nimwombee asiambiwe imekwisha.